Ukoko wa Sufuria ya Kwanza

Hapo zamani, wala si zile zamani za majitu kumeza vijiji, ni zamani hizi hizi za juzi, ambapo sindano ya daktari imeshavuka mito na kufika mpaka kwetu, palikuwa na mpishi wa shughuli katika mji mdogo wa Kwamkanda, jina lake Bi Sikudhani. Kaeni vizuri, maana mwisho wa hadithi hii nitawauliza jambo, na atakayekuwa amesinzia atajibu kwa aibu.

Bi Sikudhani alipika. Alipika harusi, alipika hitima, alipika maulidi, na siku ambayo hapakuwa na shughuli aliwapikia majirani, asije akasahau. Pilau lake lilinukia mpaka ng'ambo ya mto, na watu wa ng'ambo walikuwa wakijialika wenyewe.

Tena alikuwa na ada yake. Sufuria ya kwanza ikishapakuliwa, alibandua ukoko wote mzimamzima, wa duara kama ungo, wenye rangi ya asali, akampa mtu mmoja tu: yule ambaye bila yeye sufuria isingeinjikwa. Ukoko ule hautiwi kisu, haumegwi wala haugawanywi. Mwaka mmoja aliupata mchota maji, kwa sababu bomba lilikauka naye akaenda mtoni mara kumi na moja. Mwaka mwingine aliupata mjomba wa bibi harusi, aliyewapatanisha wakwe waliotaka kuvunja ndoa huku mchele umeshaoshwa. Watu wazima wenye mvi zao waliutamani ukoko ule. Aliyepewa aliula barazani kwake ili kila apitaye amwone.

Basi mwaka mmoja Bi Sikudhani akaanza kuchoka. Mwiko ukamwia mzito. Homa ikimwacha Jumatatu humrudia Alhamisi. Mjukuu wake Zamda, aliyemlea mwenyewe tangu hajaota meno, akampeleka hospitali kubwa. Wakampima damu, wakampima na uboho, kisha daktari akavuta kiti karibu.

"Mama, ni saratani ya damu," akasema. "Dawa ipo, na wengi wanaishi nayo miaka. Ila damu yako kwa sasa haina askari wa kutosha. Kikohozi ambacho jirani yako anaugua siku tatu, wewe kinaweza kukuzika."

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Kuna chanjo ya homa ya mapafu. Serikali inaitoa bure kwa wagonjwa kama wewe, hata huko kwenu. Lakini dawa kali tunaanza baada ya wiki mbili, na mwili ukishaingia dawa ile hauisikii chanjo vizuri. Kwa hiyo uchanjwe wiki ijayo, Ijumaa isipite. Bila chanjo, mama yangu, kwenye shughuli ya watu mia nne usikanyage."

Bi Sikudhani akamtazama Zamda. Harusi ya Zamda ilikuwa imepangwa miezi minne mbele. "Yaani mjukuu wangu apikiwe na mtu mwingine, na mimi nipo hai?" akauliza. Bi Sikudhani hakulia pale. Alilia njiani, kimya kimya, akasema ni vumbi.

Jumatatu akaenda zahanati. Mwenye zahanati alikuwa Nesi Agripina, mwanamke mfupi, mkavu wa maneno. Chanjo ile alikuwa ameitafuta yeye, kabla Bi Sikudhani hajaja. Aliandika fomu ikarudi, akaandika ikarudi, akaandika ikarudi, na mara ya nne akaipeleka wilayani kwa mkono wake, akasimama mlangoni mpaka ikapigwa muhuri. Alirudi kilomita sitini na kisanduku cha barafu mapajani. Sasa chupa ilikuwa moja, imelala kwenye jokofu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuchanjwa."

Nesi Agripina akasoma karatasi ya hospitali mwanzo mpaka mwisho. "Bibi, haki yako ipo, sina neno nayo. Lakini chupa hii ni ya watu wanne. Nikishaitoboa, isipokwisha jioni namwaga. Sheria niliyopewa ni moja: wanne, ama isifunguliwe. Na Jumamosi asubuhi inarudi wilayani, kuna mji mwingine wanaisubiri. Niletee watatu wenye ugonjwa kama wako."

Bi Sikudhani alitaka kukasirika, akashindwa. Maana yeye mwenyewe kwa miaka thelathini alikuwa akiwaambia watu: sufuria haiinjikwi kwa mlaji mmoja.

Jumanne akarudi na majirani watatu, wamevaa nguo za kutokea.

"Wewe una saratani ya damu?" Nesi akamuuliza wa kwanza.

"Sina, lakini nina nia."

"Wewe?"

"Mimi nina presha, Nesi. Haiwezi kuingia humo humo?"

"Na wewe?"

"Mimi sina kitu, ila Bi Sikudhani alinipikia harusi yangu, na nikisema siumwi nitakuwa sina fadhila."

Nesi Agripina akageukia ukutani ili wasione anavyocheka. Kisha akawafukuza wote watatu, na Bi Sikudhani wa nne.

Jumatano Bi Sikudhani akamwita Shechambo. Shechambo alikuwa mpiga mbiu wa Kwamkanda. Alikuwa na baiskeli na kipaza sauti, na hapakuwa na ndoa, msiba wala mbuzi aliyepotea ambaye hakupita mdomoni mwake.

"Shechambo, mwanangu," akamwambia, "nenda katangaze. Sema hivi: wenye saratani ya damu waje zahanati Ijumaa saa tatu, chanjo ya serikali ipo, ni bure, nasi tuwe wanne. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Hebu rudia."

Shechambo akarudia neno kwa neno, akaondoka.

Alhamisi asubuhi Bi Sikudhani yuko kitandani, akasikia kipaza sauti kinakuja. Akakaa. Kipaza sauti kikapita dirishani: "Bi Sikudhani anawaalika watu wake! Ijumaa, saa tatu asubuhi, pale zahanati! Msikose! Aliyesikia amwambie asiyesikia! Msikose, msikose!" Kikapita, kikaenda.

"Zamda," akasema Bi Sikudhani, "umesikia akitaja ugonjwa?"

"Sijasikia, Bibi."

"Chanjo je?"

"Wala. Nimesikia 'msikose' mara tatu."

Bi Sikudhani akajilaza, akajifunika kanga mpaka usoni. Siku zilizobaki zilikuwa mbili, na watu hawana habari. Zamda akamkimbilia Shechambo, akamkuta sokoni, ameshamaliza mji mzima.

"Dada, nilijaribu," Shechambo akajitetea, jasho linamtoka. "Pale kona ya kwanza nilifungua mdomo. Neno halikutoka. Baba yangu alikuwa mpiga mbiu na babu yangu mpiga mbiu, na hatujawahi kutaja ugonjwa wa mtu barabarani. Ugonjwa wa mtu ni kama nguo yake ya ndani, hauanikwi njiani. Nikasema nitaje chanjo peke yake. Nikaona wataniuliza ya nini. Basi nikaalika tu."

Sasa nyinyi mnaijua Kwamkanda, au kama hamuijui nawaambia. Mtu wa Kwamkanda akisikia Bi Sikudhani anaalika, haulizi anaalikiwa nini. Anauliza saa ngapi.

Ijumaa, saa tatu haijafika, uwanja wa zahanati ulikuwa umejaa. Walikuja wanawake na vikapu vya mchele, maana shughuli ni kuchangiana. Walikuja wanaume na kuni. Mmoja alikuja na jogoo anayepiga kelele. Walikuja watu wa ng'ambo ya mto, hao hawakosi. Kina mama wakaona hawajui shughuli ni ya nini, lakini vigelegele havihitaji sababu, wakavipiga.

Nesi Agripina akatoka na mikono kiunoni. "Hii ni zahanati au uwanja wa harusi? Bibi, niliomba watatu!"

Akamchukua Bi Sikudhani, akamvika barakoa, akamketisha pembeni, upande upepo unakotoka, mbali na vikohozi vya watu. Kutoka pale Bi Sikudhani akautazama uwanja. Watu mia mbili na zaidi, wote wamekuja kwa jina lake, na hana cha kuwapa. Akaona haya, akaona na furaha, vyote pamoja. Kisha akamwona mtu ambaye hakumtarajia.

Alikuwa Bi Mashavu.

Bi Mashavu naye alikuwa mpishi. Yeye na Bi Sikudhani walikuwa hawajasemeshana miaka saba, na sababu ilikuwa chumvi. Waliwahi kupika harusi moja wawili, pilau likatiwa chumvi mara mbili, bwana harusi akanywa maji mpaka alfajiri. Bi Sikudhani alisema ni Mashavu. Bi Mashavu alisema ni Sikudhani. Tangu hapo wakikutana njiani, kila mmoja alikuwa na haja ya kutazama mbuzi waliopo upande wa pili.

"Amekuja kuona kama nitaunguza," Bi Sikudhani akajisemea. Na kweli, ndicho alichokuja kuona.

Bi Sikudhani akasimama. Hakuwa na kipaza sauti, lakini mpishi wa watu mia nne hahitaji kipaza sauti.

"Jamani, mmenijia na sina sufuria motoni," akasema. "Shechambo amenistahi, lakini mimi leo sitajistahi. Nina saratani ya damu. Chanjo ya kunilinda imo mle ndani, serikali imeileta bure, na haifunguliwi mpaka tuwe wanne. Mwisho ni leo. Niko peke yangu. Kama hakuna mwingine, nashukuru mlivyokuja, abebe kila mtu mchele wake, na mjukuu wangu mniombee apate mpishi mzuri."

Kimya kikaingia uwanjani. Hata jogoo akanyamaza.

Kisha Bi Mashavu akaweka kikapu chake chini. Akatembea mpaka kwa Nesi Agripina, akasimama, na hakumtazama mtu.

"Nesi, nakuuliza," akasema. "Mtu ambaye ana karatasi kama ya huyu, ila hakuwahi kuileta, anapewa?"

"Karatasi iko wapi, mama?"

Bi Mashavu akafungua pindo la kanga yake. Ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nane, imelainika kama kitambaa. "Mwaka wa pili huu natembea nayo. Niliogopa kuiacha nyumbani, wanangu wasije wakaisoma. Niliogopa na watu. Nilisema, wakijua damu yangu ni mbovu, nani atakula chakula cha mkono wangu?"

Bintiye alikuwa pale pale uwanjani. Akapiga ukelele, akaja mbio, akamkumbatia mama yake kiunoni. Na Bi Sikudhani, ambaye alikuwa na maneno ya miaka saba yaliyokwisha kuiva, akayakosa yote. Akasema moja tu: "Mashavu, njoo ukae huku, upepo ni mzuri."

"Wawili," akasema Nesi Agripina.

"Watatu," ikatoka sauti nyuma. Alikuwa Mwalimu Kilua wa hesabu, amenyoosha mkono kama mwanafunzi. "Kama Bi Mashavu ameweza, mimi nina nini?"

Halafu makanika mmoja wa pikipiki, Semboja, ambaye mji mzima ulimwita mvivu kwa vile alikuwa akilala kando ya pikipiki za watu badala ya kuzitengeneza, akasema polepole kwamba si uvivu, na kwamba karatasi yake iko chini ya godoro. Akawasha pikipiki. Alikwenda na kurudi kabla mwalimu hajamaliza kukunjua karatasi aliyoitoa mfukoni.

"Wanne," akasema Nesi Agripina, na mara ya kwanza watu wakaona meno yake yote.

Vigelegele vya safari hii vilikuwa na sababu. Chupa ikatobolewa. Akachanjwa Bi Sikudhani, akachanjwa Bi Mashavu, akachanjwa mwalimu, akachanjwa Semboja aliyefumba macho, na chupa ikaisha bila kumwagwa tone. Na kwa kuwa mchele upo, kuni zipo, na jogoo hakuwa na wa kumtetea, mafiga yakapangwa nyuma ya zahanati. Bi Sikudhani na Bi Mashavu wakakaa kwenye benchi lao la upepo, wamevaa barakoa, wakaamrisha kwa mbali. "Punguza moto!" akasema huyu. "Funika!" akasema yule. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na siku ile walikuwa hawatanii.

Miezi minne ikapita. Bi Sikudhani akaingia dawa, ikamtikisa, ikamwacha amesimama. Daktari akasoma majibu akatabasamu. "Chanjo si ukuta wa mawe, mama. Vaa barakoa, kaa upande wa upepo, na ukisikia homa usingoje kesho. Lakini kapike."

Akapika! Harusi ya Zamda ilipikwa na wapishi wawili, mwiko mmoja kila mtu. Ilipofika zamu ya chumvi, wakatazamana.

"Tia wewe," akasema Bi Sikudhani.

"Nitie mimi, halafu useme?"

"Tia, mwenzangu. Na likizidi, leo tutasema ni mimi."

Halikuzidi. Sufuria ya kwanza ikapakuliwa, masinia yakatoka, na Bi Sikudhani akabandua ukoko. Ukatoka mzima, wa duara, rangi ya asali, unanukia karafuu. Akauweka kwenye sinia kubwa, akauinua. Ndipo akaona kwamba kuna watatu waliosimama.

Shechambo akatangulia. "Mama, ukoko ni wangu. Ningetangaza ugonjwa, kama ulivyoniagiza, nani angetoka nyumbani? Bi Mashavu angejifungia. Mwalimu angejifungia. Semboja angelala. Walikuja kwa sababu walialikwa kama watu, hawakuitwa kama wagonjwa. Mimi ndiye niliyewaleta. Bila mimi, uwanja ni mtupu."

"Na ulivunja agizo langu," akasema Bi Sikudhani.

"Nililivunja, mama. Na huko kulivunja ndiko kulikokuponya."

Nesi Agripina akasogea, leo amevaa gauni la maua. "Bibi, mimi sili ovyo, lakini ukoko huu ni wangu. Chanjo haikujileta. Niliandika mara nne. Niliibeba mapajani. Na ulipokuja Jumatatu nikakukatalia, ulidhani nina roho ngumu. Ningekuhurumia siku ile, ningetoboa chupa, wewe ungepata, na hawa watatu wasingejulikana mpaka leo. Bila mimi, hakuna cha kualikia watu."

"Na Ijumaa ingepita hivi hivi," Bi Sikudhani akamuuliza, "ungeirudisha wilayani kweli, mimi nikitazama?"

Nesi Agripina akainamisha uso. "Ningeirudisha, Bibi. Halafu ningelia."

Bi Mashavu akafuta mikono kwenye kanga. "Mimi sikuandika fomu wala sikupiga mbiu," akasema. "Mimi nilitembea hatua ishirini. Mzipime kama mnaweza. Watu walikuwa pale, chanjo ilikuwa pale, na wote mlikuwa kimya. Nilitoa siri ambayo hata wanangu sikuwapa, tena nikaitoa kwa ajili ya mtu tuliyenuniana naye miaka saba. Nilipotoka mimi, ndipo na wenzangu wakatoka. Bila mimi, Sikudhani alikuwa mmoja, na chupa imelala."

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Mashavu," Bi Sikudhani akasema, lakini kwa upole. "Ungesema mwaka ule ule, mimi nisingehangaika wiki nzima."

"Ni kweli. Na wewe ungesema kwamba chumvi ile uliitia wewe, pengine ningekwambia."

Watu wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Bi Sikudhani naye akacheka, machozi yakamtoka, na safari hii hakusema ni vumbi. Akamtazama Shechambo, aliyemstahi. Akamtazama Nesi Agripina, aliyemkatalia. Akamtazama Bi Mashavu, ambaye alikuwa bado ameshika mwiko. Zamda, amepambwa kwa hina na asumini, akamnong'oneza: "Bibi, ukoko unapoa. Mpe mtu." Na Bi Sikudhani hakujua ampe nani. Kila alipogeuza sinia kwa mmoja, moyo wake ulimvuta kwa mwingine.

Nami namwacha pale pale, sinia mkononi, harusi nzima inamtazama. Msinijibu kwamba wagawane, nimeshasema hautiwi kisu. Wala msiniambie aule mwenyewe, mpishi hali ukoko wake. Jibuni upesi, maana ukoko ukipoa unakuwa kigae, na wale watatu wote wana njaa.

Haya, semeni: aliyewaita watu kwa heshima akavunja agizo, aliyeilinda chupa akamkatalia mgonjwa, au aliyeificha siri yake miaka miwili kisha akaitoa mbele ya mji mzima? Je, ukoko ule, nani alistahili?